Mkono Utangulie, Mdomo Ufuate: Namna ya Kutumia Sanaa Kuutunza Moyo

Leso, yaani kanga, ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Kila aliyelelewa Mombasa anajua kwamba jina hilo si pambo tu. Mwanamke aliyeudhiwa na wifi yake huenda asimjibu kwa ulimi. Hushuka Biashara Street, akachagua leso yenye maneno yanayomfaa, akajifunga, kisha akapita mbele ya mlango wa anayehusika. Ujumbe hufika na heshima hubaki. Nimeanza na leso kwa sababu watu wengi ninaozungumza nao kuhusu tiba kwa sanaa hudhani kuwa ni jambo la wageni, ilhali kiini chake ni hicho hicho: kuliweka kwenye kitu kinachoonekana lile ambalo kinywa kimeshindwa kulisema.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima aliyeelemewa na mawazo, aliyefiwa, aliyechoshwa na malezi au kazi, au anayeona tu kwamba siku hizi hasira zake zimekuwa karibu mno, na ambaye angependa kuchora, kupaka rangi, kufinyanga au kusuka ili apate nafuu. Si lazima awe na kipaji. Kwa kweli, nimeona mara kadhaa kwamba mwenye kipaji hupata taabu zaidi mwanzoni, kwa kuwa mkono wake umezoea kutafuta sifa, na hapa sifa haitafutwi.

Ni vyema kwanza tutofautishe mambo mawili. Tiba kwa sanaa yenyewe ni kazi ya mtaalamu aliyesomea namna ya kuwaongoza watu wenye maumivu ya nafsi kupitia sanaa. Jina lake la Kiingereza lilianza kutumiwa na msanii wa Uingereza, Adrian Hill, mwaka 1942, baada ya yeye mwenyewe kuugua kifua kikuu na kugundua, akiwa amelazwa, kwamba kuchora kulimpunguzia uzito wa siku ndefu za kitandani. Akawahimiza wagonjwa wenzake nao wachore. Katika miaka hiyo hiyo, Margaret Naumburg wa Marekani aliiunganisha kazi hiyo na elimu ya saikolojia. Yale utakayoyafanya peke yako nyumbani ni kujitunza kwa njia ya sanaa. Yana faida yake ya kweli, lakini hayachukui nafasi ya mtaalamu, nami nitarejea jambo hilo kabla sijamaliza.

Kuhusu faida, mfano mmoja unatosha. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel huko Marekani waliwakalisha watu wazima 39 kwa dakika 45, wakawapa karatasi, kalamu za rangi, udongo na vifaa vya kubandika picha, wakawaacha watengeneze walichotaka. Walipima katika mate yao kiwango cha kortisoli, ambayo ni homoni inayohusiana na msongo, kabla na baada ya kazi hiyo. Kwa takribani robo tatu ya watu hao, kiwango kilikuwa kimeshuka, na aliyewahi kushika brashi hakuwa na ubora wowote juu ya yule ambaye hakuwahi. Kundi lilikuwa dogo na kipimo kilikuwa cha siku moja, kwa hivyo tusidai makubwa kuliko hayo. Hata hivyo, dakika 45 ni muda ambao mtu anaweza kuupata.

Mahali, wakati na vifaa

Tatizo la kwanza kwa wengi wetu si vifaa bali ni sitara. Katika nyumba ambamo chumba kimoja kinalala watu watatu au wanne, iwe ni Majengo, Kisauni au Mji wa Kale, mtu akikaa chini na karatasi ataulizwa na kila apitaye anachokifanya. Usikae barazani, kwa sababu baraza ni mahali pa watu wote. Tafuta saa ambayo nyumba imepungua watu, labda watoto wanapokuwa madrasa au baada ya sala ya Alasiri kabla ya pirika za chakula cha jioni, ukae pembeni ya chumba ukiwa umeupa mlango mgongo. Waambie wenyeji wako, kwa upole na mapema, kwamba muda huo ni wako. Simu ikae chumba kingine. Ukiweza kupata muda huo mara moja kwa wiki, siku ile ile na saa ile ile, ni bora kuliko kufanya siku tatu mfululizo kisha ukaacha mwezi mzima.

Vifaa vinaweza kuwa vichache sana: karatasi za manila au upande mweupe wa kalenda ya mwaka uliopita, penseli, krayoni za watoto, kipande cha mkaa kutoka jikoni, magazeti ya zamani na mkasi. Fundi cherehani wa mtaani kwako ana mfuko wa vipande vya nguo asivyovihitaji, mwombe. Gundi unaweza kuipika mwenyewe kwa kukoroga kipimo kimoja cha unga wa ngano na vinne vya maji juu ya moto mdogo hadi uji uwe mzito. Ukitaka kufinyanga na huna udongo, changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, na maji kidogo kidogo yasiyozidi kikombe kimoja, ukande mpaka donge lisishike mikononi. Fahamu tu kwamba hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi huuvuta, kwa hivyo wakati wa masika kitu ulichokifinyanga kwa donge hilo kinaweza kulainika tena hata baada ya kukauka. Usikasirike, hakikutengenezwa kiwekwe kabatini.

Kuanza: duara

Ukikaa, usianze na jambo zito. Vuta pumzi polepole mara tano, ukitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyoingiza. Kisha chukua sahani, iweke juu ya karatasi na uizungushie penseli. Ndani ya duara hilo, anzia katikati na ujaze nakshi ukielekea nje: vijani, nukta, mawimbi, pembe, chochote ambacho mkono unakijua. Ukikwama, kumbuka milango ya Mji wa Kale, ambako fundi amerudia ua lile lile kutoka chini ya mwimo hadi juu bila kuchoka. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Curry na Kasser, waliona kwamba wanafunzi waliopaka rangi maumbo ya duara yenye mpangilio walipungukiwa na wasiwasi zaidi ya waliopewa karatasi tupu. Nadhani sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kukabiliwa na karatasi tupu akiwa na moyo uliovurugika: mpaka humtuliza mtu, na uwazi usio na mpaka humtisha.

Wapo wasomaji ambao kwa sababu za dini wanapendelea kutochora viumbe wenye roho. Hawapungukiwi na chochote. Nakshi, maua, maandishi na maumbo yanabeba hisia zote, kama mafundi wetu wa mbao na wa kofia za mkono walivyothibitisha kabla yetu.

Leso yako mwenyewe

Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote, na ningependa ulipe muda wake. Chukua karatasi kubwa, uilaze kwa mapana, na uigawe kama leso ilivyogawanywa: pindo pande zote, mji katikati, na nafasi nyembamba ya jina chini ya mji.

Anza na mji. Katika mji weka lile linalokaa moyoni mwako wiki hii, si kwa kulichora lilivyo, bali kwa rangi na umbo. Ikiwa ni deni, lina umbo gani? Ni kitu kimoja kikubwa kisichosogea, au ni vitu vidogo vingi vinavyokuzunguka kama siafu? Kiko katikati kabisa au kimeegemea upande mmoja? Usijibu kwa maneno. Jibu kwa mkono, na ukiona mkono unasita, paka rangi moja tu kwa dakika nzima hadi ujue unataka kwenda wapi.

Ukimaliza mji, hamia kwenye pindo. Pindo ndilo linaloizuia leso isifumuke, na hapa litachukua yale yanayokuzuia wewe usifumuke: mtu, sala, kazi, upepo wa jioni pale Mama Ngina, sauti ya jirani anayekuuliza hali kila asubuhi. Kila moja lipe nakshi yake, uirudie kuzunguka karatasi yote. Kuna watu wanaofika hapa wakakuta hawana cha kuweka kwenye pindo, na jambo hilo huwashtua. Likikupata, usilijaze pindo kwa uongo. Liache upande mmoja wazi, na ulijue kama habari muhimu kuhusu wiki yako: huenda unachokihitaji sasa si kuchora zaidi bali ni kwenda kumtembelea mtu.

Jina liandikwe mwisho, na hiyo ndiyo sababu ya kuliita zoezi hili leso. Ukilianza, utaandika methali uliyoizoea, nayo itakusemea maneno ya watu wengine. Ukilingoja mpaka mji na pindo viishe, utaitazama karatasi yako na maneno yatakuja yenyewe, mara nyingi yakiwa mafupi kuliko ulivyotarajia. Mimi niliyaandika yangu ya kwanza siku chache baada ya arobaini ya baba yangu. Nilikuwa nimepokea mamia ya pole na kuzijibu zote kwa adabu, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimemkasirikia marehemu kwa kutoniambia kuwa anaumwa. Hata mimi sikujua. Niliandika chini ya mji: "Ungeniaga." Nikakaa nikalitazama neno hilo mpaka adhana ya Magharibi.

Mwili, ukili na udongo

Zipo siku ambazo mtu hajui hata anahisi nini, ila kifua kinabana au mabega yanauma. Siku hizo chora umbo la mwili, dogo kwenye karatasi au kubwa kwa kulalia magazeti yaliyounganishwa huku mtu unayemwamini akikuzungushia kalamu, kisha paka rangi mahali unapohisi kitu na uache wazi pasipo na kitu. Njia hii ya ramani ya mwili ilipata umaarufu kupitia wanawake wa Khayelitsha, Cape Town, waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, ambao mwaka 2002 walichora miili yao kwa ukubwa wake halisi na kuandika juu yake historia zao, wakati dawa zilikuwa bado hazijawafikia wengi. Inafaa hasa kwa wale wanaozunguka hospitalini na maumivu ambayo vipimo haviyaoni, ingawa kila maumivu mapya yanastahili kuonwa na daktari kwanza.

Kwa mtu mwenye wasiwasi usiotulia, anayeshindwa kukaa kitako, kuchora kunaweza kumwongezea wasiwasi. Huyu apewe ukili. Majani ya mkindu yaliyoloweshwa kidogo, yakipishana juu na chini, juu na chini, yanaupa mkono kazi yenye mdundo ambao pumzi huufuata bila kuambiwa, na kosa la hatua moja hurekebishwa kwa hatua moja tu. Bibi zetu waliosuka huku wakizungumza walijua kwamba mazungumzo magumu huwa mepesi macho yanapokuwa chini kwenye kazi. Kushona kofia kwa mkono kunafanya kazi hiyo hiyo. Kupaka hina vilevile, na zaidi ya hapo hina humlazimisha mtu akae saa kadhaa bila kushika kitu. Ila iwe hina halisi, si piko iliyochanganywa na rangi nyeusi ya nywele, kwa maana hiyo huunguza ngozi za wengine vibaya.

Hasira inataka udongo au donge. Likande, lipige mezani, lipasue, likusanye tena. Kisha, ukiwa umechoka kidogo, lipe umbo moja la mwisho, hata kama ni tufe tu.

Kutazama na kusema

Kazi ikiisha, nusu ya jambo ndiyo imefanyika. Isimamishe ukutani, ukae mbali nayo hatua mbili, na uitazame kimya kwa dakika chache. Kisha ijibu kwa maandishi au kwa sauti: Jicho langu limeenda wapi kwanza? Sehemu gani niliifurahia na ipi niliikimbia? Kama sehemu hii ingesema, ingesema nini? Hapa ndipo mdomo unapoufuata mkono.

Usitafute orodha ya maana za rangi, ingawa zimejaa mtandaoni. Zinadai kwamba nyeusi ni huzuni na nyeupe ni furaha. Katika mji huu nyeusi ni buibui la mama yako, ni heshima na sitara. Nyeupe ni kanzu ya Ijumaa, na nyeupe hiyo hiyo ni sanda. Maana ya rangi anaijua aliyeishika, na siku hiyo tu.

Kanuni hiyo ina uzito zaidi unapokuwa na mwenzako. Kwa muda fulani nilikuwa nikikutana Jumamosi na wanawake wachache tuliofanya mazoezi haya pamoja. Mama mmoja alichora feri ya Likoni ikiwa katikati ya maji, tupu, bila abiria hata mmoja. Nilimwuliza mara moja kwa nini haina watu. Akaikunja karatasi, akasema amesahau kuwachora, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Swali langu lilikuwa na hukumu ndani yake. Lilimwambia kwamba picha yake ina kasoro na mimi nimeiona. Hadi leo najutia. Nilipaswa kusema, "Nisimulie kuhusu picha hii, mama," kisha ninyamaze. Ukialikwa kuiona kazi ya mtu, sema hivyo. Usiisifu kuwa nzuri, usiifasiri, usimpe nasaha, na usimsimulie mtu mwingine ulichokiona. Asiyetaka kusema chochote pia ameshiriki.

Kwa watoto mambo ni hayo hayo, ila muda uwe mfupi, dakika 15 au 20, na usimshurutishe mtoto achore tukio lililomtisha. Mpe rangi, ukae karibu naye ukichora yako. Akirudia picha ile ile ya kutisha wiki baada ya wiki, hiyo ni dalili ya kutafuta msaada, wala si utundu.

Pale sanaa peke yake isipotosha

Kuna wakati mkono hufungua mlango ambao mtu hayuko tayari kuuingia. Aliyepitia ubakaji, kipigo, ajali mbaya au mauaji asilichore tukio lenyewe akiwa peke yake. Achore kwanza mahali anapojihisi salama, na aishie hapo. Ukiona katikati ya kazi unatetemeka, moyo unakwenda mbio, au tukio linakurudia kama linatokea sasa, weka kalamu chini. Nawa uso kwa maji baridi, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani, kanyaga sakafu kwa nguvu, kisha toka uende palipo na watu. Karatasi igeuze chini, hudaiwi kuimaliza.

Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, hupati raha katika lolote, au huwezi kazi zako za kawaida, nenda ukaonwe. Mombasa ina Hospitali ya Rufaa ya Pwani, na ya Port Reitz kule Changamwe imekuwa kwa muda mrefu na kitengo cha wagonjwa wa akili. Ukienda kwa mshauri wa kibinafsi, una haki ya kumwuliza kama amesajiliwa, kwa kuwa tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia. Ukipata mawazo ya kujiua, usingoje kesho: mwambie mtu aliye karibu nawe, au piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Wengi walinyamaza kwa kuogopa kushtakiwa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Na anayeogopa kwamba kwenda hospitali ni kuidharau dua, aendelee kuomba akiwa njiani kwenda huko. Shehe au padri mwenye busara atamsindikiza.

Kuhifadhi

Nyuma ya kila karatasi andika tarehe tu, bila jina lako wala la yeyote. Zitie ndani ya bahasha ya khaki na uiweke mahali pasipofikiwa na watoto wala unyevu. Chini ya godoro panafaa, sakafuni hapafai. Usiyotaka kuihifadhi ichane, kwa kuwa kuchana nako ni sehemu ya kazi, ila angalia kwanza kama siku mbili zijazo utaihitaji. Baada ya wiki nane, chagua siku yenye nafasi, ukunjue mkeka, na uzipange karatasi zote kwa tarehe kutoka kushoto kwenda kulia. Tazama mji umehamia wapi, pindo limenenepa au limekonda upande upi, rangi gani ilipotea na ipi imeingia bila wewe kuiita. Kisha chukua karatasi mpya, uandike tarehe ya siku hiyo nyuma yake, uigeuze, na uweke sahani juu yake.